Namna Tulivyowachungia Watoto Joto Lao

Tangu nipumzike kazi, wauguzi vijana wa maternite, wodi ya wazazi, wamenijia nyumbani mara tatu, hapa Butembo, na kila mara wameniuliza neno lilelile: kabla ya mashine, nyinyi mulifanya aje? Niliwapa chai na jibu fupi, wakaenda, wakarudi. Basi ninaandika. Sitaandika nani alipandishwa cheo wala nani alilipwa nini. Mambo hayo yana watu wake wa kuyakumbuka, na wanayakumbuka vizuri kuliko mimi. Nitaandika juu ya joto, kwa sababu nikitazama nyuma naona kazi yangu yote ilikuwa hiyo, kuzuia joto lisikimbie miili ya watoto ambao hawakuzaliwa nalo la kutosha.

Jina langu ni Kahindo. Nilianza kazi hapahapa Butembo, asubuhi moja ya ukungu. Asiyejua mji wetu afahamu kwamba uko juu milimani. Saa kumi na mbili asubuhi watu wanavaa makoti, na sementi ya hospitali inakuwa baridi kama jiwe la mtoni. Siku hiyo ya kwanza nilipewa kazi niliyoiona nyepesi, kupima watoto uzito. Mizani ilikuwa na sahani ya chuma. Nikamvua mtoto nguo, nikamlaza juu yake. Alishtuka, akakunja miguu, akalia mara moja, kisha akanyamaza. Nilikuwa nimeshaandika uzito wake kwenye daftari, tena kwa mwandiko mzuri, nilipoona vidole vyake vimekuwa vya bluu.

Mkubwa wetu alikuwa mkunga aliyeitwa Mama Masika, mwanamke mfupi asiyepaza sauti hata siku moja. Hakunigombeza. Alimrudisha mtoto kwa mama yake, akanishika mkono, akakunja shati langu mpaka juu ya kiwiko na kuulaza mkono wangu mtupu kwenye sahani ile. Kisha akaendelea na kazi zake. Nilipotaka kuuondoa, alinitazama tu, nikauacha. Aliporudi aliniambia kwamba mimi nina mdomo wa kulalamika na bado nimenyamaza; je, mtoto wa siku mbili? Kuanzia siku hiyo nilitandika kitambaa kilichokunjwa mara nne juu ya sahani, nikapima kitambaa kwanza, halafu mtoto, nikatoa. Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi, lakini nimeona watu wenye diploma wanaiona nzito.

Kitambaa chenyewe kilitoka kwa Papa Paluku. Huyu alikuwa mpiga pasi wa hospitali. Chumba chake kilikuwa nyuma ya jiko, na pasi zake mbili za makala, yaani za makaa ya moto, hazikupoa tangu asubuhi mpaka jioni. Nguo zote za kuwapokea watoto zilipita mikononi mwake, naye alizileta zingali na moto, amezifunga ndani ya nyingine ili zisipoe njiani. Nilimsimulia habari ya mizani, nikamwambia nilisikia baridi ikiniingia mpaka kwenye mfupa. Alicheka.

"Baridi haina miguu, Kahindo," akasema. "Joto njo iko na miguu. Inatoka kwenye iko mingi, inaenda kwenye iko kidogo. Mi niko hapa miaka mingi, siyaona hata siku moja inarudia njia."

Kisha akanionyesha. Aliweka pasi moja juu ya kipande cha bati na nyingine juu ya ubao, akanituma nipeleke nguo maternite. Niliporudi ile ya kwenye bati ilikuwa imepoa sana, na bati linaunguza. Ile ya kwenye ubao ilikuwa bado kali. Alipitisha pasi juu ya nguo kavu, halafu juu ya nguo mbichi. Kwenye nguo mbichi mvuke ulipanda, na pasi ikachoka baada ya mistari michache. Maji yakiondoka, alisema, hayaondoki mikono mitupu. Nilirudi nikiwa nimeelewa kwa nini Mama Masika alikuwa akituhimiza kumkausha mtoto kabla ya kitu kingine chochote, akianzia kichwani, na kuitupa mbali ile nguo iliyoloa.

Mtu akielewa kidogo, ndipo anapokuwa wa hatari. Mwaka uliofuata nililetewa mtoto wa mwanamke aliyeitwa Katungu, mtoto wa kiume aliyetangulia siku zake kwa mwezi mmoja na nusu. Alikuwa baridi, nami nikaona dawa ni rahisi: joto litoke penye jingi liende penye kidogo. Nilijaza chupa mbili tupu za serumu, zile za maji ya mishipa, kwa maji ya moto, nikazilaza kila upande wake, nikamfunika. Sikuzivika nguo. Nilikwenda kumwangalia mgonjwa mwingine, nikachelewa. Niliporudi mtoto alikuwa analia kilio ambacho sijakisahau, na ngozi ya mguu wake ilikuwa imevimba na kuchubuka.

Mama Masika alimhudumia mtoto kwanza. Kisha akajaza chupa ya tatu kwa maji ya birika lilelile, akaniwekea mkononi. Sikuweza kuishika mpaka nihesabu kumi. Nilikwenda mwenyewe kwa Katungu, nikapiga magoti mbele ya kitanda chake, nikamweleza kwamba si ugonjwa, ni mimi. Halafu aliniuliza kama mtoto atatembea. Nikasema atatembea. Akaniuliza kama kesho nitakuwa kazini. Nikasema ndiyo. Akasema basi kesho nimfunge kidonda mimi mwenyewe, kila siku, mpaka kipone. Nilifanya hivyo. Mtoto huyo leo ni mchomeleaji vyuma mjini, mtu mkubwa mwenye watoto wake, na akinikuta sokoni hupandisha suruali mbele ya watu na kuwaonyesha kovu. Anasema mimi ndiye niliyemfundisha kazi yake.

Baada ya hapo sikuamini kitu chochote chenye moto usiosikia. Chupa haijui kwamba mtoto ameshashiba joto. Inaendelea kutoa tu.

Halafu kulikuwa na habari ya kitanda cha nne. Watoto wote waliolala pale walipoa, wakati wale wa kitanda cha tatu, hatua mbili tu kutoka hapo, walikaa salama. Tulibadilisha blanketi. Tuliziba dirisha kwa magazeti. Tuliwasha mshumaa, na ulimi wa moto haukutikisika, donc, yaani upepo haukuwapo. Watu wakaanza kusema kitanda kina mkosi. Mama mmoja alikuja na maji ya baraka kutoka kanisani; Mama Masika alimruhusu, ila alimwomba ayanyunyize chini ya kitanda, asimloweshe mtoto.

Nilimpelekea Papa Paluku shida hiyo, kwa sababu sikuwa na mwingine. Alikuja kusimama pale, akaugusa ukuta. Ulikuwa ukuta wa nje, wa upande wa mvua, na sementi yake haikukauka mwaka mzima. Akaniita kwenye chumba chake, akanisimamisha hatua mbili kutoka kwenye jiko la makala lenye pasi, akaniambia nigeuze uso. Nilisikia joto kwenye shavu.

"Jiko imekugusa?"

Nikasema hapana.

"Upepo iko?"

Nikasema hapana, mlango umefungwa.

"Basi joto inajua na kuruka. Na mutoto iko na joto kupita ule ukuta. Ule mutoto iko napiga ukuta pasi, muchana kutwa."

Tulihamisha kitanda cha nne upande wa pili, kwenye ukuta uliopakana na jiko la hospitali, na pale penye ukuta wa mvua tukatundika mikeka. Mkosi ukaisha. Yule mama wa maji ya baraka alitangaza kwamba ni kazi yake, nami sikumpinga. Mikeka na baraka havigombani.

Miaka ilipita hivyo, kisha nikapelekwa Beni. Beni ni chini, ni nchi ya kakao na michikichi, na joto lake mtu wa Butembo hulisikia kama amefungua mlango wa tanuri. Nilifika na sanduku la kofia na soksi ndogo za sufu, na wenzangu wapya wakanicheka waziwazi. Hapa hata mawe yanatoka jasho, walisema. Nilivumilia mpaka siku familia moja ilipokaa saa sita mchana ikimpepea mtoto aliyetoka kuogeshwa, kila mmoja na kipande chake cha katoni, wakimwonea huruma kwa sababu wao wenyewe walikuwa wanaloa jasho. Nilimpima. Alikuwa baridi kuliko watoto wangu wa Butembo. Maji mwilini na upepo juu yake. Hata Beni, hata saa sita. Kesho yake kofia zangu tatu zilikuwa zimeazimwa.

Ni Beni pia tulikofundishwa kumweka mtoto kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku. Mwalimu alileta picha ya mnyama anayeitwa kanguru, ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyemwona, na kina mama waliuliza kwanza kama analiwa. Lakini nilipomwona mtoto wa kwanza akipata joto kwenye kifua cha mama yake, sikuhitaji picha. Hiki ndicho nilichokuwa nimekitafuta tangu kwa Katungu, moto unaosikia. Mtoto akipoa, kifua cha mama kinapanda. Mtoto akishiba, kinatulia.

Sasa nifike kwenye kazi ngumu kuliko zote. Miaka michache kabla sijapumzika, alijifungua kwetu Beni mwanamke kijana aliyeitwa Zaituni, wa mtaa wa Mulekera, kwa kupasuliwa, miezi miwili kabla ya siku. Mume wake, Saidi, alikuwa dereva wa lori. Alikuwa ametoka Kasindi, mpakani, siku hiyohiyo na gari tupu. Mtoto alikuwa msichana wa kilo moja na gramu mia tatu. Alipumua juu juu, na mashine yetu ya oksijeni ilikuwa imeharibika wiki hiyo. Butembo ilikuwapo moja nzima. Ambulansi ilikuwa imeondoka na mgonjwa mwingine. Saidi alisema lori lake liko mlangoni.

Zaituni hakuweza kuinuka kitandani. Mtoto alikuwa amepakatwa na mama yake Saidi, mwanamke wa heshima ambaye kila mtu alimwita Koko Mwamini, yaani Bibi Mwamini. Koko aliuza chai na mandazi pale mamotari, vijana wa pikipiki, wanapongoja abiria, na alikuwa amemfunga mjukuu wake ndani ya vikwembe vinne, vile vitenge vyetu vya kujifunga, na blanketi moja, kwa ustadi, kama mzigo wa kupeleka mbali. Niliingiza mkono, nikagusa nyayo. Baridi. Kipimo kikasema thelathini na nne na nusu.

Nilimwambia mtoto hawezi kusafiri hivyo. Lazima akae ngozi kwa ngozi na mtu mpaka Butembo. Koko Mwamini alinitazama kama mtu aliyetukanwa. Alisema amelea watoto saba, na mtoto hufunikwa. Tena yeye ni mtu mzima, na gari litaendeshwa na mwanawe wa kumzaa. Avue nguo mbele yake? Aliongeza kwamba nikitaka blanketi lingine atalileta.

Muda ulikuwa unakwenda. Niliona termosi zake mbili chini ya kiti, maana alikuja moja kwa moja kutoka kazini.

"Koko," nikamwambia, "ukitia chai ya moto mu termosi, inakuwa aje?"

"Inabakia moto."

"Na ukitia ya baridi?"

Alitazama termosi, kisha furushi mikononi mwake.

"Inabakia baridi," akasema.

"Blanketi ni vile. Haina moto yake. Inachunga tu ile yenye imekuta."

Zaituni, ambaye tulidhani amelala, alifumbua macho. "Mama," akamwambia mkwewe, "umupe joto yako. Mi sina nguvu ya kumupa."

Koko aliniomba nifunge mlango. Akafungua vikwembe kimoja baada ya kingine, akafungua nguo yake, nami nikamlaza mtoto katikati ya kifua, uso upande, miguu imekunjwa kama ya chura, kofia kichwani, halafu nikavifunga vikwembe vyote vinne juu ya wote wawili. Koko alivuta hewa kwa nguvu. Alisema ni kama amewekewa samaki wa sokoni. Akajitanda ushungi wake mpana mpaka kiunoni, akamwita Saidi, akamwapisha mbele yangu kwamba mpaka Butembo atatazama barabara tu.

Tulitoka Beni saa nne asubuhi. Kwenye lori injini iko chini ya viti, na sakafu ilikuwa inaunguza miguu. Saidi alipendekeza tumlaze mtoto pale juu ya kifuniko cha injini. Nilikataa haraka mpaka akashtuka. Dirisha la upande wangu halikupanda, basi nikakaa mimi upande huo na gunia begani, na Koko nikamweka katikati. Mvua ilianza barabara ilipoanza kupanda. Kila kilima kilichukua joto kidogo, na bega langu likaloa. Koko alikuwa akisoma sala zake kwa sauti ya chini, na kila alipokoma ili avute pumzi nilidhani ni mtoto ndiye aliyekoma.

Kwenye mteremko mmoja wa udongo, lori lililotutangulia lilikwama na magari yakapanga mstari. Palikuwa na kizuizi cha askari. Mmoja alikuja, akatuambia kwa Lingala tushuke wote. Nilimweleza tuna mtoto mchanga mgonjwa. Akatazama mapajani mwetu, akauliza mtoto yuko wapi, kwa maana hakumwona. Koko Mwamini, ambaye saa chache kabla aliniomba nifunge mlango, alisogeza ushungi upana wa vidole viwili, na ile kofia ndogo ikaonekana. Askari alivua kofia yake mwenyewe, sijui kwa nini. Alikwenda akasema na wenzake, wakasogeza pikipiki na mikokoteni, wakatupitisha pembeni mwa lori lililokwama, magurudumu yakikanyaga majani. "Bokende malamu," alituambia, muende salama.

Hapo tulipokwisha kupita ndipo mtoto alipoacha kupumua.

Nilikuwa na mkono wangu ndani ya vikwembe, mgongoni mwake, na mgongo ule ulitulia. Koko alihisi pamoja nami. "Amekufa?" aliniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa. Nilimsugua mgongo kwa vidole viwili, juu, chini, nikamgusagusa nyayo, nikamsugua tena. Lori lilisimama. Hakuna aliyemwambia Saidi asimame. Mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye usukani na macho yake yalikuwa mbele, kwenye kioo kilichojaa mvua, kwa sababu aliapa. Machozi yalimtiririka mpaka kidevuni na hakugeuka. Nilisugua. Mgongo ukashtuka mara moja, ukajaa, ukaanza kwenda tena, wepesi kama wa kifaranga.

"Iko napumua," nikasema.

"Twende," akasema Koko. Saidi akatia gia.

Ilitokea mara mbili nyingine kabla ya Butembo, na mara ya mwisho ni Koko mwenyewe aliyemsugua, kwa maana vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi. Tuliingia hospitali alasiri. Munganga kijana, daktari wa hospitali, alimpima mtoto, akatazama kipimo, akakikung'uta, akaenda kuleta chake. Thelathini na sita na nukta saba. Aliniuliza tumemleta na mashine gani. Nilimwonyesha Koko Mwamini, aliyekuwa amegeukia ukutani akitafuta vifungo vyake.

Mtoto alipata oksijeni jioni ileile, hapohapo kifuani, maana Koko alikuwa hataki tena kumwachia sanduku lolote la mashine ya joto. Kesho yake nilirudi Beni na Saidi. Niliacha maagizo mengi yaliyoandikwa, ambayo baadaye nilisikia Koko aliyatumia kufungia mandazi.

Siku ya kumi na mbili Zaituni aliruhusiwa kusafiri, nami nikampandisha Butembo kwa ambulansi. Tulimkuta Koko kwenye chumba chenye wanawake sita, amesimama na mtoto kifuani, akiwaeleza mabibi wazee wa Kinande, wenyeji wa pale, habari ya chai na termosi. Waliokuwa wamefunga watoto wao kama mizigo walikuwa wanafungua. Nimefundisha miaka mingi, sikuwahi kusikilizwa vile.

Zaituni hakuwa amemshika mwanawe hata mara moja. Alikaa kitandani, akafungua nguo. Tulifungua vikwembe. Koko alimwinua mtoto polepole, mkono mmoja chini ya kichwa, na kwa kitambo kidogo mtoto alikuwa hewani katikati yao, akapanua mikono kama anayeanguka. Kisha akafika kifuani mwa mama yake. Alitafuta kidogo kwa shavu, akatulia. Zaituni alifumba macho na kuanza kupumua taratibu, kama aliyefundishwa na mtoto.

Koko Mwamini alibaki amesimama, nguo wazi, mikono bado imepinda mbele yake. Akavuta ushungi, akajikumbatia.

"Sasa ni mi njo niko na baridi," akasema.

Zaituni, bila kufumbua macho, akasogea, akamfanyia nafasi kitandani.